Goma: Mashine ya paralelisimu, ya okazio ama mpya? Historia yake inatoa jibu

Katika garaji za Goma, kazi ya paralelisimu haiishi. Mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, na mpaka leo njia nyingi za mitaa ni mawe ya volkano. Gurudumu linapigwa, vyuma vya usukani vinapinda, na pine mpya inaisha upande mmoja. Fundi anayeweka pesa ili anunue mashine anajiuliza: achukue ya okazio ama mpya?

Zamani hapakuwa na mashine. Fundi alivuta kamba kando ya gari, akapima kwa rula nafasi ya mbele na ya nyuma ya kila gurudumu. Njia hiyo ingali inatumika, na mwenye mkono mtulivu anapata kipimo kizuri.

Huko Marekani, kampuni Hunter Engineering ilianzishwa mwaka 1946 katika mji wa St. Louis. Katika miaka ya 1950 mashine za mwanga zilikuwa zikifanya kazi: taa iliyofungwa kwenye gurudumu ilionyesha kipimo kwenye ubao. Kununua mashine ya namna hiyo ikiwa imetumika kulikuwa na hatari ndogo, kwa sababu fundi aliweza kuifungua na kuitengeneza mwenyewe.

Kisha kompyuta ikaingia. Mwaka 1995, John Bean ilileta mashine ya kamera, inayotazama vibao vilivyofungwa kwenye magurudumu. Tangu hapo, thamani ya mashine haiko tena katika chuma tu. Iko katika programu, yenye vipimo vya kila aina ya gari jinsi kiwanda kilivyoagiza. Programu isipoongezwa, mashine haijui magari yaliyotoka baadaye.

Lakini magari mengi ya Goma yenyewe ni ya okazio. Mashine yenye miaka 10 inaweza kuyajua vizuri kuliko watu wanavyofikiri. Mashine mpya inakuja na garanti, lakini garanti hiyo inasaidia tu ikiwa fundi wa kampuni anaweza kufika. Nayo kompyuta yake, kama ya zamani, inahitaji umeme usiokatika ovyo.

Hatari ya okazio ni kipimo cha uongo: kamera iliyosogea, kibao kilichopasuka, kichwa kilichoanguka njiani. Kabla ya kulipa, gari moja lipimwe, vifaa vifunguliwe, vifungwe tena, kisha lipimwe mara ya pili. Namba zikitofautiana sana, mashine hiyo isinunuliwe, hata kwa bei ya chini. Afadhali kamba inayosema kweli kuliko kompyuta inayodanganya, kwa kuwa dereva ndiye atakayelipa, kwa pine zake ama kwa maisha yake.