Kabla ya Waziri Kulikuwa na Farasi

Agosti 2024 karibu kila simu niliyokaa nayo kwa matatu ilikuwa inaonyesha kitu kimoja: vetting ya mawaziri. Baraza lilikuwa limevunjwa Julai, watu bado wako barabarani, majina mapya yakatoka. Mmoja baada ya mwingine wakaketi mbele ya kamati ya bunge wakieleza wamesoma wapi na wana mali ya pesa ngapi. Sisi kazi yetu ilikuwa kuhesabu zile milioni na kucheka kwa komenti.

Nilikuwa nacheki na beshte yangu wa Kibra. Yeye hakucheka. Akasema, "Huyu anaulizwa ako na nyumba ngapi. Mimi niliulizwa babu yangu alizikwa wapi."

Alikuwa anaongea kuhusu ID. Yeye ni Mnubi. Tulifikisha miaka 18 mwaka mmoja. Mimi nilipeleka cheti cha kuzaliwa na kopi ya ID ya mzazi, nikapigwa alama za vidole, nikaenda zangu. Yeye aliambiwa arudi siku ya vetting. Neno ni lile lile, na hilo ndilo lilinikalia kichwani. Inakuwaje neno moja linatosha waziri na pia kijana wa form four anayetafuta ID ya kusajili laini ya simu?

Nikaanza kulifuatilia. (Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo Kilatini chote hapa ni cha kujisomea usiku na bando ya mia. Tuvumiliane.)

"Vet" ni kifupi cha jina la daktari wa wanyama kwa Kiingereza. Mzizi wake ni Kilatini, neno la wanyama wa kubeba mizigo. Wasomi wengi wanalihusisha na neno la Kilatini la "mzee", kwa sababu farasi akishachoka na vita ndio anapewa mizigo. Ndio maana linafanana na "veteran". Shule ya kwanza ya udaktari wa mifugo Ulaya ilianza Lyon, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1760. London wakapata yao 1791. Karne iliyofuata Waingereza wakachoka na jina refu, wakalikata, na kabla ya 1900 tayari kilikuwa kitendo: kum-vet mnyama, yaani kumpeleka akaangaliwe.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Farasi wakati huo alikuwa ndiye gari, ndiye lori, ndiye teksi. Na wauzaji wa farasi walikuwa na ujanja kuliko wale jamaa wa kurudisha nyuma mileji ya gari. Kulikuwa na mchezo wa kukwangua na kuchoma meno ya farasi mzee ili aonekane kijana, maana umri wa farasi unasomwa kwa meno. Kwa hivyo mnunuzi mwenye akili alitafuta daktari wake mwenyewe. Daktari anafungua mdomo, anaangalia macho, anasikiliza mapafu, anashika miguu, anamkimbiza. Mpaka leo Uingereza ukinunua farasi unaweza kulipia ukaguzi huo kamili wa hatua 5, na bado unaitwa vetting.

Shikilia hiyo picha. Kuna mnunuzi, ambaye ndiye anamlipa daktari. Kuna muuzaji, ambaye ndiye anashukiwa. Halafu kuna farasi, ambaye haulizwi kitu. Anafunguliwa tu mdomo.

Neno likahama kutoka zizini hadi kwa watu haraka sana. Mwaka wa 1904 Rudyard Kipling ameshalitumia kwa binadamu katika kitabu chake Traffics and Discoveries, kama utani wa kijeshi hivi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia utani ukaisha. Klaus Fuchs, mwanasayansi wa bomu la atomiki, alikamatwa 1950 kwa kuwapa Wasovieti siri, na serikali ya Uingereza ikaleta utaratibu mpya kwa wafanyakazi wa kazi nyeti. Zamani walikuwa wanaangalia tu kama jina lako liko kwa faili mbaya. Sasa wakawa wanakuchimba wao wenyewe: marafiki, siasa, madeni. Hata BBC ilikuwa inapeleka majina ya wanaoomba kazi kwa majasusi kimya kimya. Gazeti la Observer lilifichua hiyo 1985. Faili za waliotiliwa shaka zilipigwa mhuri mfano wa mti wa Krismasi. Unanyimwa kazi na hujui kama ulivetiwa. Farasi kabisa.

Kenya tulikuwa na yetu kitambo, ila jina lilikuwa lingine. Wakati wa hali ya hatari wakoloni waliita "screening", neno la kuchekecha. Aprili 1954, kwenye Operesheni Anvil hapa Nairobi, maelfu ya watu walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, matundu mawili ya macho tu. Gunia likitikisa kichwa, umeenda kambini. Mkoloni akaondoka, kuchekecha kukabaki. Novemba 1989 serikali yetu wenyewe iliagiza Wasomali Wakenya wapitie screening, na waliofaulu wakapewa kadi ya waridi ya kubeba pamoja na ID. Yaani una ID, halafu una kadi ya kuthibitisha kwamba ID yako si uongo.

Halafu ikaja Katiba ya 2010 na neno likageuzwa. Majaji na mahakimu wote waliokuwa kazini walitakiwa kuvetiwa. Sheria ilipita 2011, bodi ikaongozwa na Sharad Rao, wananchi wakaalikwa kuleta malalamiko. Aprili 2012 majaji 4 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufaa walipatikana hawafai. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka mzee wangu akiongeza sauti ya redio. Kwa mara ya kwanza mnunuzi alikuwa raia, na mwenye kufunguliwa mdomo alikuwa jaji.

Watangazaji wetu wakaipa jina la Kiswahili: kupigwa msasa. Napenda hili neno. Msasa ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kuja. Lakini angalia tofauti. Daktari wa farasi anatafuta ubovu ili usinunue. Fundi wa msasa ameshanunua ubao, anaung'arisha tu upendeze. Bunge letu nadhani lilisikia jina la Kiswahili zaidi. 2022 kamati ilimkataa mteule mmoja, bunge zima likampitisha hata hivyo. 2024, pamoja na hasira yote ile ya barabarani, aliyekataliwa na kamati ni mmoja tu. Wengine walitoka wanang'aa.

Msasa ni wa wakubwa. Beshte yangu alipata daktari wa farasi. Aliketi mbele ya meza ya wazee na maafisa kwenye ofisi moja, na kopi za ID ya babu, kiapo cha wakili alicholipia mwenyewe, na mamake amekaa nje. Mzee mmoja akamuuliza, "Kijana, wewe ni wa wapi hasa?" Akajibu, "Mzee, ni wa hapa." Akaulizwa tena. Familia yake iko Kibra tangu babu wa babu yake akiwa askari wa King's African Rifles, kabla Kenya haijaitwa Kenya. ID ilichukua karibu mwaka na nusu. Kwa huo muda hakuweza kuomba mkopo wa chuo. Mimi chuo nilikiacha mwenyewe. Yeye hakupata hata nafasi ya kukiacha.

Februari 2025 Rais alitia sahihi tangazo akiwa Wajir, kwamba vetting ya ziada ya ID kwa watu wa kaunti za mpakani imeisha. Nilimtumia klipu. Akanijibu na emoji ya kucheka na swali: "Kibra imepakana na nchi gani?"

Mdogo wake anafikisha 18 mwaka huu. Mama yao hajatupa ile bahasha ya plastiki yenye karatasi za babu. Iko juu ya kabati, na ameongeza kopi.