Leseni ya Rubani na Mipaka ya Ardhini

Nahodha wa jahazi alijifunza kazi yake chomboni, na ustadi wake ulikubalika Mombasa, Unguja na Maskati kwa kuwa watu walimwona akifika salama. Rubani hana bahati hiyo. Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Disemba 1944, katika kifungu chake cha 32, unamtaka rubani arukaye baina ya nchi na nchi awe na cheti kilichotolewa au kuthibitishwa na dola ambamo ndege yake imesajiliwa. Rubani, basi, hufuata bendera ya ndege, si bendera ya kwao.

Afrika Mashariki iliwahi kuishi na sharti hilo kwa namna ya pekee. Ndege tano za Super VC10 za East African Airways zilikuwa za shirika moja, ilhali alama zao za usajili zilikuwa za nchi tatu: 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda na 5Y ya Kenya. Idara ya usafiri wa anga ilikuwa moja, na mambo yakaenda. Mwaka 1971 Jumuiya, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ilianzisha chuo cha urubani Soroti, mashariki ya Uganda, ili vijana wapate karibu elimu iliyokuwa ikifuatwa ng'ambo. Atazamaye ramani kutoka Kasanda, katika nyanda za juu za Kigoma, huona ajabu ndogo: kwa mstari ulionyooka, Soroti iko karibu naye kuliko Dar es Salaam.

Lakini Januari ya mwaka huohuo Idi Amin alitwaa madaraka, na Nyerere akakataa kuketi naye. Chuo cha pamoja kikazaliwa katika nyumba ya walionuniana. Mwaka 1977 shirika lilikufa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, Jumuiya ikavunjika. Mali ziligawanywa kwa mapatano ya Arusha ya Mei 1984. Ujuzi je, ungegawanywa vipi? Saa za kuruka hubaki daftarini popote mtu aendako, nazo si haba: 200 kwa leseni ya biashara, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Leseni yenyewe haivuki hivyo. Nchi mpya yaweza kudai mtihani wa sheria zake, cheti cha daktari, na jaribio la kuruka mbele ya mkaguzi wake. Si dhuluma tupu, maana abiria hana njia ya kumpima aliye usukani. Ila ni gharama nzito kwa kijana aliyekwisha kuuziwa ng'ombe wa nyumbani.

Mkataba mpya wa Jumuiya, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, uliitaja Soroti miongoni mwa taasisi zilizonusurika. Mwaka 2007 likaundwa shirika la kulinganisha kanuni za usalama wa anga, CASSOA. Kanuni zimekaribiana; leseni bado hutolewa na kila nchi peke yake, na mhitimu wa Soroti atakaye kurusha ndege yenye alama ya 5H hupeleka daftari lake kwa mamlaka ya Tanzania.