Subaru za turbo za zamani: kipi kinafaa kubadilishwa kwenye njia ya hewa na injini

KAMPALA – Wamiliki wengi wa Subaru Impreza WRX, Legacy GT na Forester za turbo wanaotaka kuongeza nguvu ya gari huanza kwa kununua filta ya hewa ya koni. Ni rahisi kupatikana, hufungwa kwa nusu saa, na sauti ya injini hubadilika papo hapo. Lakini kwa gari lenye miaka 20 au zaidi, linalotembea Bugolobi na kwingineko Kampala, kifaa hicho kinapaswa kuwa miongoni mwa vya mwisho kununuliwa. Makala haya yanaeleza utaratibu unaofaa, na mambo ambayo mfanyabiashara wa vipuri na msafirishaji wanapaswa kuyajua kabla ya kuagiza mzigo.

Kwa nini suala hili lina uzito

Subaru ilijijengea jina katika ukanda huu kupitia mbio za magari. Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akashinda tena na Impreza mwaka 2000. Magari ya aina hiyo, yaliyotumika Japani, yaliingia kwa wingi Uganda na Kenya.

Mlango huo sasa umefungwa. Sheria ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Kenya ina kikomo cha miaka 8. Impreza za kizazi cha kwanza zilitengenezwa kuanzia 1992 hadi 2000, na za kizazi cha pili hadi 2007. Maana yake ni kwamba gari likiharibika kiasi cha kutupwa, mmiliki hawezi tena kuagiza jingine kama hilo kutoka Japani. Anayefunga kifaa kibaya anahatarisha gari ambalo halina mbadala, na anayemuuzia anapoteza mteja.

Hewa ya Kampala

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 87 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na upungufu huo. Injini yenye turbo hufidia, lakini turbo hulazimika kufanya kazi zaidi.

Chukua mfano wa turbo inayosukuma baa 1. Mombasa, turbo hiyo hubana hewa takriban mara 2.0. Kampala hulazimika kuibana mara 2.1 hivi ili kipimo kisome kiwango kile kile. Kwenye mwinuko wa Timboroa, kati ya Nakuru na Eldoret, ambako barabara hupita zaidi ya mita 2,700, hufika karibu mara 2.4. Kadiri hewa inavyobanwa zaidi ndivyo inavyotoka ikiwa ya moto zaidi, na hewa ya moto ni nyepesi. Kila nyuzi 10 za joto zinapoongezeka, uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 3.

Hapo ndipo filta ya koni inapokosa maana. Boksi la filta la kiwanda huvuta hewa ya baridi kutoka nje ya chumba cha injini. Koni iliyowekwa wazi huvuta hewa iliyokwisha kupashwa na rejeta na turbo. Katika foleni ya Barabara ya Port Bell au ya Jinja, gari likitembea hatua kwa hatua, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye mbio zenyewe. Kwa miaka mingi kanuni za kundi N zililazimisha magari ya turbo kuvuta hewa yote kupitia tundu la milimita 32 kwenye mdomo wa turbo. Magari hayo yalishinda mashindano hivyo hivyo. Boksi la kiwanda lenye filta safi halizibi injini kama wauzaji wengi wanavyodai.

Hatari ya sensa ya hewa

Injini nyingi za EJ20 za turbo, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,994, hupima hewa inayoingia kwa sensa iliyoko mara baada ya filta. Kompyuta ya injini hukadiria petroli kulingana na kipimo hicho. Bomba likibadilishwa upana, sensa husoma vibaya. Ikisoma hewa kidogo kuliko iliyopo, petroli hupungua, moto ndani ya silinda hupanda na injini huanza kugonga. Pistoni huvunjika kwenye kingo zinazoshika ringi, na mara nyingi dereva hajui mpaka moshi wa bluu uonekane nyuma.

Tatizo la pili ni vumbi. Filta za pamba zinazopakwa mafuta zikipakwa kupita kiasi, mafuta hufika kwenye sensa na kuichafua. Zikipakwa pungufu, vumbi la barabara za murram hupita na kulika mabawa ya turbo na kuta za silinda. Filta ya karatasi ya kiwanda, ikibadilishwa mapema zaidi ya kitabu kinavyosema kwa gari linalotoka nje ya lami, ni salama na rahisi.

Utaratibu unaopendekezwa

1. Pima hali ya injini kwanza. Pima kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa ya moto. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kati ya silinda ni dalili kwamba pesa ziende kwenye ukarabati. Sikiliza beringi za konrodi, ambazo ni udhaifu unaojulikana wa injini hizi, hasa zikikosa oili. Injini iliyochoka haiongezewi nguvu.

2. Rudisha nguvu iliyopotea. WRX ya mwaka 1992 ilitoka kiwandani Japani ikiwa na nguvu za farasi 240. Gari lenye umri huu mara nyingi halizifikii kwa sababu ndogo ndogo: mipira ya upepo iliyopasuka, intakula inayovuja kwenye maungio, plagi zilizochakaa, filta ya petroli iliyoziba. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000 au kabla. Ukikatika, vali hugonga pistoni. Kazi hizi hugharimu kidogo kuliko vifaa vya kuongeza nguvu, na kwa magari mengi ndizo zinazoleta tofauti kubwa zaidi.

3. Punguza joto. Intakula ya Subaru hizi hukaa juu ya injini na hupata moto gari linaposimama. Hakikisha mpira unaoziba kati ya boneti na intakula upo na haujachanika, ili hewa ipite ndani yake badala ya kuvuja pembeni. Intakula kubwa zaidi kutoka kwenye STI hufaa kuliko filta yoyote. Rejeta nzima na feni zinazofanya kazi ni sehemu ya hatua hii.

4. Ekzosi. Sehemu inayobana zaidi kwenye injini ya turbo ni bomba linalotoka kwenye turbo kwenda chini ya gari. Bomba pana hapo husaidia turbo kuamka mapema. Hata hivyo, shinikizo linaweza kupanda kupita kiwango, kwa hiyo hatua hii isifanywe bila ya tano.

5. Kurekebisha kompyuta. Hapa ndipo nguvu halisi hupatikana. Magari mengi ya baada ya 2001 yanaweza kuandikwa upya kupitia soketi ya uchunguzi. Mengi ya miaka ya 1990 huhitaji kompyuta ya ziada au ya kubadilisha. Fundi awe na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, ambao turbo ikisukuma kikamilifu hukaa karibu na 11 kwa 1. Marekebisho yafanywe kwa petroli ya hapa. Gari la Japani lilipangwa kwa petroli ya okteni karibu 100, na ile ya vituo vya kawaida vya Afrika Mashariki iko chini ya hapo. Programu iliyonakiliwa kutoka gari la Japani au Uingereza inaweza kuua injini.

6. Pampu ya petroli, kisha njia ya hewa. Turbo kubwa au shinikizo la juu huhitaji pampu yenye uwezo zaidi. Ni baada ya hapo tu ndipo bomba la hewa na filta pana hupata kazi, na viwekwe ndani ya boksi linalozuia joto.

Vinavyouzika lakini haviongezi nguvu

Vali ya kutoa upepo nje, ile yenye mlio mkali dereva anapobadilisha gia, huuzwa sana. Kwenye gari lenye sensa ya hewa hutupa nje hewa ambayo kompyuta imekwisha kuihesabu, na gari hukatakata. Vifaa vya kuzungusha hewa ndani ya bomba havina faida iliyothibitika. Legacy GT za turbo mbili zina mtandao mrefu wa mipira na vali. Kwa hizo, kuhakikisha kila mpira ni mzima ni bora kuliko nyongeza yoyote.

Kwa mnunuzi na msafirishaji

Vipuri vilivyotumika huja kutoka Japani moja kwa moja au kupitia masoko ya Sharjah, na vingi huishia Kisekka. Kwa turbo iliyotumika, shika ncha ya shafti: kutikisika kidogo kwa upande huvumilika, lakini isiende mbele na nyuma hata kidogo. Mabawa yaliyolika ukingoni ni dalili kwamba ilivuta vumbi.

Utaratibu uliorahisishwa wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unahusu bidhaa zenye asili ya Afrika Mashariki. Turbo ya Japani iliyonunuliwa Nairobi haina asili hiyo, na kuipitisha Busia au Malaba kwa cheti hicho kunaweza kumletea mwenye mzigo adhabu. Kwa mzigo wa bahari unaokuja Uganda, chini ya Himaya Moja ya Forodha iliyoanza 2014, kodi hulipwa kabla mzigo haujaondoka Mombasa. Bei ya kuuzia ihesabiwe pamoja na VAT ya Uganda ya asilimia 18.

Injini ikibadilishwa nzima, namba mpya isajiliwe kwenye kadi ya gari kabla ya kuvuka mpaka. Namba isiyolingana na karatasi inaweza kusimamisha gari mpakani. Kadi ya Njano ya COMESA hulinda watu wengine wanaoumizwa na gari. Haimlipi mmiliki injini yake. Bima kubwa nayo inahitaji kuarifiwa kuhusu nyongeza zilizofungwa.

Wenye malori

Hesabu ya mwinuko inalihusu pia lori la dizeli lenye turbo. Lori linalotoa moshi mweusi likipanda Timboroa mara nyingi lina filta iliyoziba au mpira unaovuja baada ya turbo. Vikaguliwe hivyo kwanza kabla ya kumruhusu fundi kufungua pampu.

Kwa ufupi

- Pima injini kabla ya kununua chochote.
- Ukarabati, kupooza joto, ekzosi na kompyuta vitangulie. Filta ya koni ifuate mwisho.
- Bomba la hewa lisibadilishwe upana bila kurekebisha kompyuta.
- Mfanyabiashara anayeanza aweke akiba ya mikanda ya taimingi, plagi, mipira ya upepo, sensa za hewa na filta za karatasi. Kila Subaru ya turbo iliyobaki barabarani itavihitaji.