Kwa nini tairi la pikipiki livishwe blanketi?

Kuna jamaa yangu tuliyekaa naye chumba kimoja pale Mlimani. Siku hizi yuko ughaibuni, Uingereza, na ugonjwa wake mkubwa ni pikipiki. Sio pikipiki ya kwendea kazini. Ni ile ya kukimbiza kwenye kiwanja cha mbio mwisho wa wiki: unalipia siku nzima, mnagawanywa makundi matatu, mnaingia kwa zamu dakika ishirini ishirini. Machi mwaka huu alivua matairi ya kawaida akaweka ya mashindano, yale vipara yasiyo na kashata hata moja. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa nyuzi sita. Kona ya kwanza ilikuwa ya kulia, akapita. Ya pili ya kulia, akapita. Ya tatu ikawa ya kushoto, akajikuta chini kabla hajaelewa kilichotokea. Mtulinga ukavunjika.

"Kaka, lile tairi lilikuwa sabuni," aliniambia kwa simu. Kisha akaniuliza: akipona anataka kununua blanketi za tairi, na madukani zimejaa za kila aina na kila bei. Achukue zipi?

Ameniuliza mimi kwa sababu naandika gazetini, na watu huamini kwamba mwandishi anajua kila kitu. Msomaji wangu, mimi hata bodaboda napanda nyuma. Lakini kusoma najua. Nikaingia kwenye vitabu nikitafuta blanketi, na jioni ya kwanza tu nikajikuta niko mwaka 1839.

Kwanza, kwa asiyejua, tuelewane. Blanketi la tairi ni kitambaa kinene kisichoshika moto, ndani yake kimepitishwa nyaya za umeme. Pikipiki inainuliwa kwenye stendi, tairi linazungushiwa blanketi, unachomeka kwenye soketi. Baada ya muda wa kati ya dakika 45 na saa moja, tairi limefika nyuzi 80 hivi. Unalivua, unaondoka. Ukiliona mara ya kwanza utacheka: Wazungu wanaifunika pikipiki kama mtoto mwenye homa! Lakini kicheko kinakwisha ukijua mpira umetoka wapi.

Mwanzoni mpira ulikuwa balaa. Miaka ya 1830 Wamarekani waliupenda sana utomvu huu usiopitisha maji, wakafungua viwanda vya viatu na makoti. Kiangazi kilipofika viatu vililainika na kunuka. Kipupwe kilipofika vikakakamaa kama ubao. Viwanda vikafilisika kimoja baada ya kingine. Katikati ya kilio hicho akatokea Charles Goodyear, mfanyabiashara wa vyuma aliyekwisha kufungwa jela kwa madeni, akaapa kuutibu mpira. Aliwahi kupata kandarasi ya kuishonea serikali mifuko 150 ya posta. Akaitengeneza, akaitundika, akaondoka kidogo na familia yake. Aliporudi akakuta joto limeiyeyusha.

Mwaka 1839, mjini Woburn, Massachusetts, mpira aliouchanganya na salfa uligusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka, ukaungua kidogo pembeni kama ngozi, na palipopata joto la kadiri ukabaki unanepa. Dawa ilikuwa imepatikana, na dawa yenyewe ilikuwa moto. Leo tunajua kwamba joto na salfa hufunga nyuzi ndefu za mpira kwa vidaraja vidogo vidogo, zisiteleze ovyo wakati wa joto wala zisigande upesi wakati wa baridi. Goodyear alipata hati miliki mwaka 1844. Thomas Hancock wa Uingereza alikuwa amemtangulia kule kwao, na kesi zikafuata. Goodyear alifariki mwaka 1860 akidaiwa dola zipatazo 200,000. Kampuni kubwa ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898 na watu wengine kabisa, kwa heshima yake tu.

Kumbuka hapo alichokitafuta Goodyear maisha yake yote: mpira usiojali joto wala baridi. Tutarudi.

Mwaka 1888 daktari wa mifugo John Boyd Dunlop, huko Belfast, alifunga mpira wenye upepo kwenye baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Robert William Thomson alikuwa na wazo hilohilo tangu 1845, lakini dunia haikuwa tayari. Safari hii ilikuwa tayari. Kila mtu akataka baiskeli, kisha pikipiki, kisha gari. Na mpira ukatoka wapi? Hapa siwezi kupita kimya. Sehemu yake ilitoka kwa jirani zetu wa Kongo, katika dola ya Leopold wa Pili, ambako wanavijiji waliwekewa kiwango cha mpira wa mwituni, na waliopungukiwa walitekwa wake zao, wakachapwa, wengine wakakatwa mikono na kuuawa. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaweka hayo kwenye karatasi za serikali ya Uingereza, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuliachia koloni lake dola la Ubelgiji. Raha ya kwanza ya matairi ya Ulaya ilikuwa na damu ndani yake.

Baadaye mashamba ya Malaya na jirani zake yakauteka ulimwengu, mpaka Japani ilipoyateka mashamba yenyewe mwaka 1942. Hata mashamba ya Tanganyika yaliyosahauliwa tangu enzi za Mjerumani yalifufuliwa. Lakini jibu kubwa lilitoka maabara za Marekani: mpira wa kutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Vita vikaisha, ujuzi ukabaki. Sasa mkemia aliweza kuupanga mpira atakavyo: huu uvumilie kilomita elfu nyingi, ule ushike lami hata kama utakufa baada ya saa moja.

Na hapo ndipo mbio zilipoigeuza kazi ya Goodyear. Ili mpira ushike lami kwa nguvu, lazima ulainike, uingie kwenye vitundu vidogo vya lami, ung'ang'anie. Mpira wa namna hiyo hufanya kazi yake kwenye joto kubwa. Ukiupunguzia joto unakuwa mgumu. Kwa maneno mengine, wahandisi wa mbio waliurudishia mpira, kwa makusudi, ule ugonjwa wa kujali joto na baridi. Tofauti ni kwamba wao waliuchagulia nyuzi za kufanyia kazi.

Haikuwa kwa kupenda. Pikipiki zilikuwa zimeyashinda matairi. Mwaka 1972, kwenye mbio za maili 200 za Daytona, Florida, pikipiki mpya za cc 750 za Suzuki na Kawasaki zilikuwa na nguvu kuliko zote, zikayatafuna matairi yake. Mshindi akawa Don Emde, juu ya Yamaha ya cc 350! Miaka mitatu baadaye, kwenye mazoezi palepale, Barry Sheene wa Uingereza alianguka akiwa kwenye mwendo wa kilomita 280 hivi kwa saa. Lawama ikaenda kwenye tairi la nyuma. Alivunjika paja, mkono, mtulinga na mbavu, lakini baada ya wiki saba alikuwa amerudi mashindanoni, na mwaka 1976 na 1977 akawa bingwa wa dunia. Ilikuwa miaka hiyohiyo ya katikati ya 1970 ambapo vipara vilianza kushika hatamu. Huku kwetu tairi kipara ni kesi ya trafiki. Kule ni ujuzi: ukiondoa kashata, mpira mwingi zaidi unagusa lami.

Miaka ya 1980 nguvu zikaongezeka tena, mpira ukazidi kuwa laini. Sasa tatizo likahamia kwenye raundi ya kwanza. Mpira unaotaka nyuzi 80 unatoka ukiwa na nyuzi 15, na dereva amezungukwa na wenzake wasiotaka kusubiri. Hapo ndipo blanketi likapata kazi, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa jambo la kawaida kwenye gridi ya mashindano ya dunia. Kwa hiyo jamaa yangu wa Machi hakuonewa na tairi. Alilitumia kabla ya wakati wake. Kona mbili za kulia zilikuwa zimeupasha kidogo upande wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa bado uko kwenye nyuzi za asubuhi ya Kiingereza.

Je, blanketi ndiyo kinga kamili? La. Blanketi ni mkopo. Tarehe 19 Oktoba 2014, Phillip Island, Australia, Marc Márquez, aliyekwisha kuutwaa ubingwa wa MotoGP, alikuwa akiongoza kwa sekunde kama nne. Blanketi za timu yake, bila shaka, zilikuwa bora kuliko zote zinazouzwa madukani. Jioni ikaanza kuingia, lami ikapoa, naye akiwa peke yake mbele akapunguza kasi kidogo ili afike salama. Tairi la mbele likapoa pamoja na lami. Raundi ya 18 kati ya 27 akaanguka, na Valentino Rossi akashinda. Joto alilokopeshwa gridini lilikuwa limekwisha zamani. Baada ya hapo joto lazima ulitengeneze mwenyewe, kwa breki na kwa kona.

Kuna wanaosema blanketi ziondolewe kabisa, zinakula umeme bure. Mwaka 2023 mashindano ya dunia ya magari ya masafa marefu yalizipiga marufuku. Aprili, kwenye mbio za Spa, Ubelgiji, magari yakawa yanapoteza mwelekeo juu ya matairi baridi, na ilipofika Le Mans mwezi Juni wakaruhusu tena kupasha. Ukweli ni kwamba tairi lililoundwa kwa ajili ya blanketi haliwezi kunyang'anywa blanketi ghafla. Unabadilisha mpira kwanza.

Haya, turudi kwa mgonjwa wetu. Nilimwandikia hivi.

Moja, anza na tairi, sio blanketi. Kama utarudi kwenye matairi ya barabarani, yale ya michezo yenye kashata, huna haja ya kununua chochote: zunguka raundi mbili tatu kwa utulivu, yatapata moto yenyewe. Ukibaki na vipara, blanketi si anasa.

Mbili, usinunue nyuzi, nunua usawa. Muuzaji atakusifia kwamba lake linafika nyuzi 100. Uliza kwanza kama nyaya zinafika kwenye mabega ya tairi, maana huko ndiko unakolalia kwenye kona. Blanketi linalopasha katikati na kuacha pembeni linakuandalia kona yako ya tatu ileile.

Tatu, angalia udhibiti. Yapo yenye joto moja tu, karibu nyuzi 80. Yapo ya ngazi tatu. Yapo ya digitali, kila tairi na nyuzi zake. La joto moja linamtosha mtu wa mwisho wa wiki mwenye aina moja ya tairi, mradi liendane na maagizo ya mtengenezaji wa tairi hilo. Ya ngazi au ya digitali yanalipa ukibadilisha matairi, hasa ya mvua, ambayo hayatakiwi kuokwa kama ya jua. Themostati yenye uhakika isikosekane kwa bei yoyote.

Nne, pima umeme na saizi. Seti inaweza kula wati elfu moja au zaidi. Kama hakuna soketi karibu, utahitaji jenereta inayoubeba mzigo huo. Usinunue ya volti 110 za Marekani kwa sababu ni rahisi. Na blanketi la tairi la nyuma la upana wa 180 usilivute kwa nguvu juu ya tairi la 200.

Tano, upepo. Hewa ikipata moto inavimba. Ukijaza bar 1.7 tairi likiwa nyuzi 20, likifika nyuzi 80 geji itasoma karibu bar 2.25. Kwa hiyo rekebisha upepo tairi likiwa la moto, blanketi likiwa bado liko juu. Hata mabingwa linawahusu: Machi 2025 kule Buriram, Thailand, Márquez akiwa anaongoza alimwacha mdogo wake Álex apite, akae nyuma yake kwenye joto ili upepo wa tairi la mbele upande hadi kiwango cha chini cha sheria. Zikiwa zimebaki raundi tatu akampita tena, akashinda.

Na la sita ambalo haliuzwi dukani: ukivua blanketi, ondoka. Ukisimama kupiga soga kwenye baridi ya nyuzi sita, umelirudisha deni kabla hujalitumia.

Alinijibu kwamba atachukua la ngazi tatu, na kwamba daktari amemkataza kupanda mpaka mtulinga uunge vizuri. Nikamwambia afadhali. Mfupa nao una muda wake.

Jana nikirudi kazini nilisimama kwa fundi pancha wa mtaani kwetu. Alikuwa ameibana tyubu ya bodaboda kwenye kile kibanio chake cha moto, kiraka kinaiva taratibu, dereva anamharakisha kwamba abiria wanamsubiri. Fundi hakuinua hata macho. "Subiri ushike," alimwambia. "Ukiutoa kabla, utarudi hapa unasukuma."