“Kuliko” na Jirani Zake: Historia Fupi ya Kulinganisha, kwa Mfano wa Kibirichia

Edward Steere alipotoa sarufi yake ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, ilimbidi aeleze jambo lililo geni kwa Mwingereza: kivumishi cha Kiswahili hakina umbo la kulinganisha. “Mrefu” hubaki “mrefu” hata akisimamishwa kando ya mwenziwe. Kazi hiyo imeachiwa “kuliko”, neno ambalo likichambuliwa huwa ni ku-, -li na -ko, yaani pale alipo fulani. Juma ni mrefu kuliko Ali: pale alipo Ali, mrefu ni Juma. E. O. Ashton naye alilishughulikia suala hilo katika sarufi yake ya mwaka 1944.

Huko Kibirichia, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, mtoto hujifunza kulinganisha mapema katika mashamba ya viazi. Kimeru chake kina “nkũrũki ya”, karibu sawa na “zaidi ya”, na kivumishi hakiguswi. Basi Kiingereza, ambacho Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, humdai jambo jipya kabisa: kubadili kivumishi chenyewe. Akiandika “big than”, hajashindwa kufikiri. Ameacha kivumishi kama lugha zake zinavyokiacha. Akiandika “more bigger”, amelipa deni mara mbili. (Umbo hili maradufu halikuwa aibu katika Uingereza ya Shakespeare, wanasarufi wa karne ya 18 ndio waliolikemea.) Mwalimu anayeyasahihisha makosa hayo mawili kwa wino mmoja, bila kuyatofautisha, amesahihisha karatasi tu.

Kosa lililo zito zaidi limekuja kwa njia ya kinyume, nalo halijadiliwi sana. Tangu mwaka 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi huandika insha kwa lugha zote mbili, na virai vya Kiingereza huvuka mpaka. Mfano ni “ikilinganishwa na”, ulioigwa kutokana na “compared to”: “Mavuno ya viazi ni makubwa ikilinganishwa na mwaka jana.” Hapa pana makosa mawili. Kwanza, upatanisho umevunjika, kwani mavuno hudai “yakilinganishwa”. Pili, mavuno yamelinganishwa na mwaka, ilhali yalipaswa kulinganishwa na mavuno: “na yale ya mwaka jana”. Kosa hili la pili limo hata katika Kiingereza cha wenyewe, ambako nacho husahihishwa. Kiswahili kimeazima kirai pamoja na ugonjwa wake.

Wako watakaosema kwamba “ikilinganishwa na” limekwisha kuganda na kuwa kiunganishi. Hoja hiyo ina uzito, maana “kuliko” lenyewe liliganda kwa njia hiyo hiyo, hata hakuna msemaji anayesikia tena -ko ya mahali ndani yake. Lakini “kuliko” liliganda vinywani mwa wasemaji, si katika tafsiri za magazeti. Mkulima wa Kibirichia akisema Kiswahili sokoni husema tu kwamba mavuno ya mwaka huu yamezidi ya mwaka jana.