Atlantis ilipotua mara ya mwisho

Juzi nilitazama tena video ya chombo cha angani Atlantis kikirudi duniani Julai 21, 2011, kikiwa na watu 4. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya 135, na ya mwisho, ya vyombo vya NASA vilivyotua kama ndege.

Kilishuka bila nguvu za injini. Kikikosea uwanja, hakuna kuzunguka ili kujaribu tena! Kilikuwa na kompyuta 5 za kukiongoza. Nne ziliendesha programu ileile huku zikikaguana. Ya tano ilikuwa ya akiba, na programu yake iliandikwa na timu nyingine, ili kosa moja lisiziangushe zote.

Aprili 10, 1981, safari ya kwanza kabisa iliahirishwa kwa siku 2 kwa sababu ya tano ilishindwa kwenda sambamba na zile nne. Kosa la sehemu ndogo ya sekunde lilikuwa limejificha ndani ya programu ya zile nne. Heri lilijitokeza chombo kikiwa bado chini.

Miaka 30 ikapita, na ile ya akiba haikuwahi kuhitajika ishike usukani angani. Je, ilikuwa hasara? Nami ninayeruka majaribio ya programu nikiharakishwa, sithubutu kusema hivyo. Wewe je?