Adhabu Iliyotangulia Hukumu: Matajiri, Mahabusu na Makosa ya Fedha

Tarehe 30 Novemba 2015, jijini London, Jaji Brian Leveson aliidhinisha makubaliano ya aina ambayo mahakama za Uingereza zilikuwa hazijawahi kuyaona. Benki ya Standard ilikubali maelezo ya jinsi ilivyoshindwa kuzuia rushwa, na waendesha mashtaka wakakubali kuyaweka mashtaka kando kwa muda maalumu, kwa masharti ya malipo. Kesi hiyo ya kwanza ilitokana na mambo ya Tanzania. Serikali yetu ilipokuwa ikitafuta mkopo wa dola milioni 600 mwaka 2012 na 2013, ada ya benki ilipanda kutoka asilimia 1.4 hadi asilimia 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, iliingia kwenye akaunti ya kampuni ya EGMA ya Dar es Salaam, na sehemu yake kubwa ikatolewa taslimu katika siku chache. Benki ilitozwa dola milioni 16.8, ikarudisha faida yake ya dola milioni 8.4, na Tanzania ikalipwa dola milioni 6 pamoja na riba iliyozidi kidogo dola milioni moja. Hakuna aliyelala rumande London kwa ajili hiyo hata usiku mmoja.

Tarehe 1 Aprili 2016, Harry Kitilya, aliyewahi kuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato na aliyekuwa mwenyekiti wa EGMA, alipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, pamoja na wenzake wawili. Miongoni mwa mashtaka lilikuwemo la utakatishaji fedha, na hilo peke yake lilitosha kufunga mlango wa dhamana. Walikaa mahabusu zaidi ya miaka minne. Agosti 2020 walikiri kosa kwa makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka, wakatakiwa kulipa shilingi bilioni 1.5, wakarudi nyumbani.

Mjadala wa vibarazani kuhusu makosa ya wakubwa hurudi kwenye lalamiko moja: wenye fedha hawafungwi. Nadhani lalamiko hilo linakosea mahali muhimu. Katika Tanzania ya muongo uliopita, wenye fedha wamefungwa, tena kwa miaka, ila wamefungwa kabla ya hukumu. Hukumu ilipofika, ikawa ndiyo karatasi ya kuwafungulia. Kwa hiyo ukali unaosifiwa na upande mmoja na ulegevu unaolaaniwa na upande mwingine ni mambo yaliyozaliwa tumbo moja: kesi zinazoisha pasipo mahakama kuamua nini kilitendeka.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu humo mna mkanganyiko ambao sijaona ukijadiliwa vya kutosha. Sheria ya kudhibiti utakatishaji fedha, kama ilivyotungwa mwaka 2006, ilimpa hakimu njia mbili za kumwadhibu mtu aliyepatikana na hatia: kifungo cha miaka mitano hadi kumi, au faini ya shilingi milioni 100 hadi milioni 500. Wakati huohuo, kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kimeliweka kosa hilo katika orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Ukizisoma pamoja unapata jambo la ajabu. Mtu ambaye hatia yake haijathibitishwa hawezi kutoka, ilhali yule ambaye hatia yake imethibitishwa anaweza kulipa akaondoka siku hiyohiyo. Mantiki ya kawaida ya jinai imegeuzwa juu chini. Miaka minne ya mahabusu imekaribia kabisa kifungo cha chini cha kosa lenyewe, na mshtakiwa ameitumikia akisikiliza sentensi moja kila baada ya wiki mbili, ile ambayo kila mwandishi wa habari za mahakama anaijua kwa moyo: upelelezi haujakamilika.

Mahakama Kuu ilijaribu kuubomoa ukuta huo Mei 2020, ikakitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba katika shauri la Dickson Sanga. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo. Mwezi uleule ndipo Kitilya na wenzake walipokiri. Sidai kwamba jambo moja lilisababisha lingine. Nasema tu kwamba mtu aliye mahabusu katika gereza la Segerea na wakili wake wanasoma magazeti kama sisi sote.

Tabia hii ya kutanguliza adhabu ina historia, na jina lake la Kiswahili linaikumbusha. Neno "mhujumu uchumi" lilienea mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa walanguzi na wafichaji wa bidhaa. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye ikirudi nyuma kuwafikia, na baraza maalumu likaundwa ambamo mawakili hawakuruhusiwa. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya makosa ya uhujumu uchumi tuliyonayo hadi leo, iliyorudisha mambo mengi mahakamani. Heshima ya Sokoine kwa wananchi ni kubwa, nami siichezei. Lakini fikra ya kwamba mwenye mali anayeshukiwa ni adui wa kushikiliwa kwanza, na maelezo yatafuata, haikuondoka na lile baraza.

Kuna mkondo wa pili, nao ni wa msamaha. Ukaguzi wa akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu, maarufu kama EPA, ulibaini kwamba kampuni 22 zililipwa shilingi bilioni 133 isivyo halali katika mwaka wa fedha 2005/06. Gavana Daudi Ballali aliondolewa Januari 2008. Rais Kikwete akawapa waliochukua fedha hadi tarehe 31 Oktoba 2008 wawe wamezirudisha; watakaoshindwa ndio wafikishwe mahakamani. Wachache walishtakiwa kweli na baadhi wakafungwa. Waliorudisha walibaki bila majina. Septemba 2019 Rais Magufuli alirudia wazo hilo kwa namna yake, akawapa siku saba mahabusu wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kukiri na kulipa. Siku zilipokwisha, Mkurugenzi wa Mashtaka alimweleza kwamba watuhumiwa 467 wameomba, na kwamba fedha walizoahidi ni shilingi bilioni 107.8. Muda ukaongezwa. Mwaka huohuo makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa rasmi katika sheria.

Tofauti ya vipindi hivyo viwili ndiyo kiini cha hoja yangu. Mwaka 2008 mtuhumiwa alijadiliana akiwa nje. Mwaka 2019 alijadiliana akiwa ndani. Sheria mpya inamtaka hakimu ajiridhishe kwamba mshtakiwa amekubali kwa hiari, na swali hilo huulizwa mtu ambaye ameshamaliza miaka gerezani bila kesi yake kuanza kusikilizwa. Sijui hiari hiyo ipimwe kwa mizani gani. Si matajiri pekee waliopita humo. Mwandishi wa habari Erick Kabendera, aliyekamatwa Julai 2019, alitoka Februari 2020 baada ya kukiri, na kwa kosa la utakatishaji alilipa shilingi milioni 100, kiwango cha chini kabisa cha sheria ile ya 2006.

Mfano unaosema zaidi ni wa akaunti ya Tegeta Escrow, iliyohifadhi fedha za malipo ya umeme zilizokuwa zikigombaniwa. Wafanyabiashara Harbinder Singh Sethi na James Rugemalira walifikishwa Kisutu Juni 2017 kwa hati moja ya mashtaka, wakidaiwa kuisababishia serikali hasara ya zaidi ya dola milioni 22 na shilingi bilioni 309. Sakata hilo lilikuwa limeshamng'oa Mwanasheria Mkuu na mawaziri. Bunge lilikesha likilijadili Novemba 2014. Juni 2021 Sethi aliachiwa kwa makubaliano ya kulipa shilingi bilioni 26.9. Septemba mwaka huo mashtaka dhidi ya Rugemalira yalifutwa, naye akatoka bila kukiri na bila kuhukumiwa. Mmoja alikiri, mwingine hakukiri, na adhabu waliyoipata kwa miili yao ni ileile: miaka minne. Ukimuuliza mwanafunzi wa sheria leo ni mahakama gani ya jinai iliyosikiliza ushahidi ikaamua fedha za escrow zilikuwa za nani na nani aliiba, hana pa kukuelekeza.

Wapo watakaojibu kwamba serikali inahitaji fedha, haihitaji masimulizi. Kesi za aina hii zina kampuni ndani ya kampuni, akaunti katika nchi tatu, mashahidi wasiopatikana. Kuchukua bilioni 26.9 leo ni busara kuliko kukimbiza bilioni 300 kwa miaka kumi. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo iliyowafikisha Waingereza kwenye makubaliano ya 2015. Inadhoofika inapokuja kwenye uwazi. Januari 2023 Rais Samia, akizindua tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, alihoji hadharani zilikokwenda baadhi ya fedha za makubaliano hayo. Kama mkuu wa nchi anauliza, raia afanyeje?

Wengine watasema basi tufungue dhamana kama Kenya, ambako Katiba ya 2010 inaihesabu kuwa haki. Nakubali, ila nisingependa mtu adhani dawa imeishia hapo. Kamlesh Pattni, aliyehusishwa na kashfa ya Goldenberg ya Kenya ya miaka ya 1990, hakuwahi kutiwa hatiani. Mahakama Kuu ilizifuta kesi zake mwaka 2013, na jaji aliyezifuta baadaye akaondolewa kazini. Desemba 2024 Marekani na Uingereza zilimwekea vikwazo kwa madai ya magendo ya dhahabu. Vikwazo navyo ni adhabu ya ofisini, hutolewa kwa tangazo. Huyu hakuonja mahabusu ndefu kama ya Segerea, lakini hukumu naye hana.

Edwin Sutherland, mwanasosholojia wa Marekani aliyebuni dhana ya uhalifu wa wenye vyeo na biashara mwaka 1939, aliliona hili mapema. Alionyesha kwamba makosa ya kampuni kubwa humalizwa kwenye mabaraza na meza za usuluhishi, hivyo hayaingii katika hesabu ya uhalifu. Kitabu chake cha 1949 chenyewe kilitolewa bila majina ya kampuni alizozichunguza, kwa hofu ya kushtakiwa; toleo kamili lilitoka 1983, mwaka uleule wa Sokoine. Mchango wetu katika nadharia yake, kama ni mchango, ni kuonyesha kwamba gereza nalo linaweza kuwa meza ya usuluhishi.

Nikirudi London, nisiwatukuze Waingereza kupita kiasi. Watanzania waliotajwa katika maelezo ya kesi ile hawakuwa sehemu ya shauri na hawakusikilizwa, na benki ilinunua utulivu wake. Lakini Jaji Leveson aliandika sababu zake, maelezo ya tukio yakachapishwa, na hadi leo mtu yeyote anaweza kufuatilia ile asilimia moja ilipotoka, ilipopita na ilipotolewa. Marekebisho ninayoyapendekeza kwetu ni madogo kuliko kelele za siasa: makubaliano yoyote ya kukiri kosa la uchumi yasisajiliwe mpaka maelezo kamili ya tukio yameandikwa, yamesomwa mahakamani na kuwekwa wazi, pamoja na risiti ya Hazina, na mtu asijadiliane na mwendesha mashtaka kabla hakimu hajamsikiliza kuhusu dhamana. Nimeisoma hukumu ya London. Kuhusu dola hizohizo milioni 6, nilichokipata kutoka Kisutu ni habari ya gazetini ya aya kadhaa, yenye kiasi kilicholipwa na picha ya watu wakikumbatiana nje ya mahakama.